Chunga Wanga

Watu watatu walikaribia kuniua, na hakuna hata mmoja aliyenishika shingo. Majina yao sitaandika kwa sababu bado tunapitana njiani, lakini akisoma hapa kila mmoja atajijua. Kuna daktari wa kliniki. Kuna muuza unga wa stendi ya Migori. Na kuna mmoja tuliyetoka naye tumbo moja, huyo ndiye ananiuma zaidi.

Mimi shule niliachia darasa la nne. Kiswahili changu ni cha soko, nimekijua kwa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kwetu kwa kuzaliwa ni Mbita, nikaolewa huku Migori, upande wa miwa. Mume wangu alishafariki. Ng'ambo ya ua anakaa mke wa shemeji yangu, mjane kama mimi. Tunaitana nyieka, vile wanawake walioolewa boma moja huitana kwa Kiluo. Tunaitana hivyo lakini si ati tunapendana. Kuku wake wanakula kwangu na ulimi wake haulali.

Sukari ilianza na kiu. Nilikuwa nakunywa maji mpaka mtungi unanionea aibu, halafu nakojoa mpaka miguu inachoka na njia ya choo. Kisha macho yakaingia ukungu. Niliogopa sana, kwa sababu ugonjwa huu naujua. Dada yangu mkubwa sukari ilimkata mguu mmoja, ikarudi ikachukua ule mwingine, ikarudi ikamchukua mwenyewe. Mimi ndiye nilikuwa namfunga bandeji. Ile harufu ya kidole chake naikumbuka mpaka leo, na kila nikivua viatu huwa nanusa kwanza.

Daktari wa kliniki alikuwa kijana, mtu wa kutoka mbali, Kiluo hajui hata neno moja. Alipima damu ya kidole, akaandika, akaongea akiangalia karatasi yake.

"Mama, una sukari. Punguza chakula. Na uchunge wanga. Wanga ndiyo itakumaliza. Umeelewa?"

"Nimeelewa, daktari."

"Mwingine!"

Na kweli nilielewa. Kwa Kiluo, jicho langu ni wang'a. Sasa wewe umwambie Mjaluo ambaye macho yake yana ukungu kwamba achunge wanga. Atashika nini? Nilishika jicho. Nilitoka pale nimelifunika na leso, nikijua ya dada yangu ilianzia mguuni, yangu itaanzia usoni.

Nikachunga jicho. Nilinunua miwani nyeusi ya mtumba. Nikahamisha mafiga nje ili moshi usinipate. Kila asubuhi niliosha macho kwa maji ya chumvi, nafunika moja, naangalia miwa ya jirani na lile lingine kama bado naona majani. Nyieka akiniona na ile miwani ananiita dereva. "Dereva, leo gari linaenda Isebania au Kehancha?" Hakujua ni kifo ninachokiangalia.

Na chakula nilipunguza, kama nilivyoambiwa. Hapo nataka msomaji anielewe vizuri, maana ndipo ninapolaumiwa bure. Kwetu chakula ni kuon, yaani ugali. Vile vingine vyote vina majina yake na kazi zake. Uji unakunywa. Viazi vitamu ni vya kushushia chai. Nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ni ya kutafuna mkiongea. Mtu wa kwetu anaweza kumaliza sufuria ya viazi tangu asubuhi, na jioni akuambie hajala tangu jana, na hajadanganya. Tumbo limejaa lakini hajala.

Basi mimi ugali nikaupunguza mpaka ukawa kama yai la kuku. Watu wa boma walinihurumia. Njaa nayo ikanishika, na njaa ya sukari si njaa ya kawaida, inakutafuna kutoka ndani. Nikaijibu na uji. Asubuhi na mapema, kikombe kikubwa cha bati. Saa nne, viazi. Mchana, nyoyo. Jioni, uji tena, kisha kile kiyai changu cha ugali ninakitazama kwa huzuni.

Muuza unga ndiye alinimaliza hapo. Alikuwa na spika juu ya meza pale stendi, anapiga kelele siku nzima: "Unga wa brown! Muhogo, mtama, wimbi! Mgonjwa wa sukari, kula ushibe! Haina sukari!" Nikamwendea, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza mambo ya siri.

"Hata uji wake naweza kunywa?"

"Hasa uji, mathe! Hii ni dawa. Kunywa kama maji."

Nikanywa kama maji. Nikawa namnunulia yeye tu. Akawa ananiona mbali anasema, "Kastoma wa afya huyo anakuja!" Na muhogo umejaa ndani ya ule unga kuliko kitu kingine chochote.

Sukari haikushuka. Vidonge viliongezwa, havikusaidia. Mwisho wakanipa sindano ya kujidunga mwenyewe tumboni, asubuhi na jioni. Ile dawa ya sindano haitaki joto, na friji sina, kwa hiyo nilikuwa naiweka ndani ya chungu kidogo, na chungu nakizika nusu kwenye mchanga wenye maji kona ya nyumba. Mara ya kwanza kujidunga nilikaa na ile sindano mkononi mpaka jua likapanda. Nilimwona dada yangu amekaa mbele yangu.

Siku ya kliniki unaambiwa uje bila kula. Mimi nilikwenda bila kula. Nilikunywa uji tu, tena vikombe viwili, maana kliniki ni mbali na foleni yake unaweza kuzeekea hapo. Daktari akanitoboa kidole, akaangalia mashine, akaangalia tena.

"Umekula?"

"Sijakula."

"Jana jioni je?"

"Kidogo tu, daktari. Kama yai."

"Mama, hujala, na mashine inasema kumi na tisa?" Hapo aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Basi hii sindano ni kidogo. Tunaongeza."

Akaongeza mistari ya dawa, ile iliyochorwa kwenye bomba la sindano. Nilipokwenda tena, maneno yakawa yale yale: umekula, sijakula, ongeza. Kila akiongeza mimi nashukuru, maana niliona ananivuta kutoka kwa dada yangu. Waliniambia sukari ikipanda inaua. Hakuna mtu, nasema hakuna, aliyefungua mdomo kuniambia kwamba inaweza pia kushuka, na kwamba ikishuka haikupi hata nafasi ya kuaga.

Ndipo baba yangu mdogo akafa kule Mbita. Nikaenda mazishini, na nyieka akaja pamoja nami, kwa sababu mazishi hayamkosi huyo. Dawa yangu niliibeba ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi. Asubuhi ya kuzika nikaingia kwa nyumba ya mama mdogo, nikajidunga vile daktari alisema, mistari yote. Uji haukuwapo. Nani atakupikia uji kwenye matanga yenye watu wengi hivyo? Nilipewa chai ya rangi. Niliomba isiwe na sukari, na wanawake wakanisifu kwamba najichunga. Kula kungekuja baada ya kuzika.

Hotuba zikaanza. Nilikuwa nimekaa chini ya tenti na wanawake wa kwetu. Kwanza mikono ilitetemeka, nikaificha chini ya leso. Kisha jasho likanitoka, si jasho la jua, lile la baridi, linashuka mgongoni kama mtu amenimwagia maji ya ziwa. Midomo ikafa ganzi. Mlingoti wa tenti ukawa miwili, halafu yote miwili ikaanza kutembea. Na njaa! Sijawahi kusikia njaa kama ile. Mwili wote ulikuwa unalilia kitu kimoja tu, kitu kitamu. Sikufundishwa na mtu. Mwili wenyewe ulijua, ukawa unapiga kelele ndani yangu.

Nyuma ya tenti kulikuwa na kreti za soda za wageni. Sijui nilifikaje pale. Nilishika moja, nikaifungua kwa meno, na kabla haijagusa mdomo mkono wa ndugu yangu, yule wa tumbo moja, ukaja ukaichukua.

"Weka chini."

"Nipe. Nakufa."

"Utakufa ukiinywa! Si wewe una sukari? Unataka tuchimbe kaburi mbili siku moja?"

Vijana waliokuwa wakibeba viti wakacheka. Niliirukia ile chupa. Nilimshika shati, mimi, mama mzima, mbele ya wageni. Akanisukuma na kiwiko, akaona sitaacha, na unajua alifanya nini? Aliinywa mwenyewe. Aliinua kichwa akainywa yote mbele ya macho yangu, akaniangalia, akapangusa mdomo.

"Imeisha," akasema. "Nenda ukae."

Nikaketi pale pale kwenye nyasi, maana magoti yalikuwa yameisha pia. Kutoka hapo nakumbuka vipande tu. Nakumbuka viatu vya watu. Nakumbuka mmoja akisema ni uchungu wa msiba, mwingine akisema huyu amerushiwa kitu, na mwanamke mmoja akiweka mkono juu ya kichwa changu na kuanza kukemea pepo. Nilitaka kusema soda. Ulimi ukasema vitu vingine. Naambiwa nilimtukana mchungaji na mama yake. Lakini kitu ninachokumbuka vizuri kuliko vyote ni kwamba niliwasikia wote, na hakuna aliyenisikia. Nilijua nakufa. Nilikuwa nakufa katikati ya watu wa kwetu, kila mmoja akinisaidia.

Nyieka alikuwa jikoni kwenye masufuria. Alikuja na mwiko mkononi.

"Mnamfanya nini huyu?"

"Sukari yake imepanda," ndugu yangu akasema. "Alitaka kunywa soda, nikamkataza."

"Asubuhi alikunywa uji?"

"Uji wa nini sasa?"

"Huyu bila uji hana akili! Nimekaa naye boma moja miaka yote hii, mimi ndiye namjua. Asipokunywa uji anakuwa kama mbuzi aliyekula sabuni. Wewe mama, lete hiyo."

Kulikuwa na mwanamke anamnywesha mtoto wake uji kwa kikombe, uji mwepesi wenye sukari ya kutosha. Nyieka akakichukua, mtoto akalia.

"Shemeji, ana sukari!" ndugu yangu akapiga kelele.

"Uji si sukari. Kaa kando."

Akaniinua kichwa, akanibana mashavu, akanimiminia kidogo kidogo huku akinitukana. "Meza, dereva. Meza. Usinifie kwenu, nitawaambia nini watu wetu?" Nikameza. Mwingine ukamwagika shingoni.

Huwa nalala nikiwaza jambo hilo. Nyieka aliniokoa kwa sababu hakujua. Angejua uji ni sukari, angeninyima kama wale wengine, na ningezikwa kando ya baba mdogo.

Walinipakia kwenye gari la mgeni mmoja mpaka hospitali, Homa Bay. Nilipofika nilikuwa nafungua macho, lakini naona watu kama wako chini ya maji. Wakanipima, sukari ikawa bado iko chini sana, wakaniwekea dripu. Fahamu ikarudi kama mtu anayewashiwa taa chumba kwa chumba. Jioni nikaweza kuongea. Nesi aliyekuwa zamu alikuwa mama wa makamo, mtu wa Pwani kwa vile alivyoongea. Nyieka alikuwa amekaa kitandani upande wa miguu, anakula ndizi zilizoletwa kwa ajili yangu.

"Asubuhi ulikula nini kabla ya kudunga sindano?" nesi akaniuliza.

"Sijakula."

"Hata uji hajanywa," nyieka akasema na ndizi mdomoni.

Nesi akamgeukia. "Kwani huwa anakunywa uji?"

"Anakunywa! Wewe hujaona hicho kikombe. Unaweza kuogesha mtoto ndani."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na siku ya kliniki anakunywa viwili."

"Siku ya kliniki?" Nesi akavuta kiti, akaketi. "Si huwa mnaambiwa mwende bila kula?"

"Mimi huwa siendi nimekula," nikasema. Nilikasirika kweli. Nilidhani ananiita mwongo. "Uji unakunywa."

Hakucheka, na kwa hilo namheshimu. Kisha akaniambia hivi: "Mama, sindano yako ilipimwa ikiwa na uji ndani yake, wala aliyeipima hakujua. Leo uji haukuwepo. Sindano ikabaki peke yake ndani yako, haina cha kufanyia kazi, ikala sukari yote uliyokuwa nayo."

Nikamuuliza uji unahusiana nini na sukari, na yangu ilikuwa ya dawa, ya brown, haina sukari hata punje.

"Ugali, uji, viazi, nyoyo, muhogo, ndizi anazokula mwenzako, vyote hivyo vina wanga. Unga uwe mweupe, uwe wa brown. Wanga..."

Aliposema wanga mkono wangu ulipanda wenyewe ukafunika jicho.

"Jicho linauma?" nesi akauliza.

"Si umesema wang'a?"

Nyieka alielewa kabla yangu. Alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka. "Ndiyo maana ya miwani! Uwi! Dereva wangu! Alikuwa anachunga jicho!" Mimi sikucheka. Nililia. Nilikumbuka ile miwani, yale maji ya chumvi, asubuhi zote za kuangalia majani ya miwa, na huku kifo nakikoroga mwenyewe kwa mwiko.

Nesi akanieleza pole pole, kwa Kiswahili cha kunifikia. Wanga ni ile nguvu iliyo ndani ya unga na viazi, ikifika tumboni inageuka sukari na kuingia kwenye damu. Mwili hauulizi kama ulikunywa au ulitafuna. Hauulizi jina la kitu. Unapima wingi tu. Akakunja mkono wangu ukawa ngumi. "Ugali usizidi hii, yako, si ya mwanaume. Pembeni weka mboga nyingi na samaki. Ukitaka uji, kikombe kidogo, na saa hiyo viazi vingoje. Ukitaka kiazi, uji ungoje. Usirundike. Lakini usiache pia, unanisikia? Ukidunga usipokula, utarudi hapa, au hutarudi. Ukianza kutetemeka na jasho, kunywa kitu kitamu saa hiyo hiyo, hata wakikukataza." Wakapunguza mistari ya sindano.

Niliporudi Migori nilikwenda kwa yule daktari. Nilimweleza yote, nimesimama.

"Lakini mama, si nilikuuliza kama umekula?"

"Uliniuliza. Nikakuambia ukweli."

"Uji ni chakula, mama."

"Kwenu."

Akatabasamu, akaandika, akasema mwingine. Pole hakusema. Ana kalamu nyingi mfukoni, lakini hakuwahi kuuliza swali la pili. Muuza unga naye nilimkuta pale pale na spika yake. Nilimwambia mbele ya watu kwamba unga wake ulitaka kuniua. Akaniangalia juu mpaka chini. "Si uko hai, mathe? Basi imefanya kazi." Watu wakacheka, na mmoja akanunua.

Ndugu yangu anasema mpaka leo kwamba yeye ndiye aliniokoa, kwamba ningeinywa ile soda ningekufa. Anasema hivyo kwenye vikao vya familia. Nesi alimweleza kwa simu, akasema ndiyo, ndiyo, akakata, akaendelea kusema. Siendi kwake. Akija kwangu namwekea kiti, namwangalia mdomo, naona ile soda inashuka kooni.

Watu wananiambia nimshukuru Mungu, nimepona. Sijapona. Zamani niliogopa upande mmoja tu, sasa naogopa pande mbili. Nikipika uji naogopa uji. Nikiuacha, naogopa sindano. Natia kwenye kikombe kidogo, naona ni kingi, napunguza, halafu naona nimepunguza sana, narudisha. Nikishajidunga nakaa kwenye kigoda nijisikilize. Jasho likinitoka sijui ni jua au ni lenyewe linakuja. Mkono ukitetemeka nauweka juu ya goti, nauangalia kama nyoka. Pipi ziko mfukoni, kwenye kikapu cha omena, chini ya mto. Lakini najua ile hali. Ikija inachukua akili kwanza, na mtu asiye na akili hakumbuki ana pipi.

Kwa hiyo mlango sifungi tena. Nyumba yangu ina komeo zito la chuma, na huku kwetu kuna wezi, wanachukua hata sufuria zenye chakula. Nyieka aliliona liko wazi akanigombeza.

"Wewe una wazimu? Huogopi wezi?"

Nilimwambia mwizi ni mtu. Akiingia, ataona kama nimeanguka.